Sikio Lililobaki Cologne

Cologne, 13 Mei 1979

Dada yangu Tsonka,

Salamu zako, salamu za shemeji Mihal na tumbo lake, na mwanao Danche umbusu mara moja kila shavu, usimpunje. Mimi ni mzima kuliko nilivyoondoka. Nimepita Vienna, nimepita Munich, sasa nipo Cologne, na nikuambie ukweli, watu wa huku walikuwa hawajawahi kuona ngoma ikipigwa. Juzi bibi mmoja mwenye mkufu wa dhahabu alikuja nyuma ya jukwaa akanishika mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama anataka kuununua. Nikamwambia kwa Kijerumani kwamba hauuzwi. Kijerumani nimeshakimaliza, maneno arobaini, hayo mengine wanayo kwa majivuno tu.

Wenzangu wa kundi hawajambo. Nalala chumba kimoja na Vasil wa klarineti, anakoroma kwa ufunguo uleule anaopigia. Kila asubuhi komredi Dragnev, kiongozi wetu, anatugawia posho ndani ya bahasha, thamani ya marki ishirini, kwa pesa ya nchi tuliyomo siku hiyo. Ndiyo ya chakula, ya tramu na ya starehe. Unadhani kuna anayeila? Waimbaji wanalimbikiza za majaketi ya ngozi, Vasil anataka redio, na hoteli nzima tunapika vyumbani. Mimi nina masanduku mawili, moja la nguo, moja la samaki wa kopo, soseji kavu na supu za pakiti. Beseni la kunawia ndilo sufuria, hita ya kutumbukiza ndiyo jiko. Vienna tulichomeka hita kumi na moja kwa mkupuo, orofa nzima ikaingia giza. Meneja alipopanda tukamwambia kwetu ni mila kufanya mazoezi gizani. Akaomba radhi kwa kutukatiza.

Sasa nije kwenye lililonitoa nyumbani. Mashine ya kusikilizia ya Danche nimeiona. Kisanduku kama kiberiti kikubwa, kinavaliwa kifuani, na waya unapanda mpaka sikioni. Bei marki elfu moja mia moja na hamsini. Muuza duka ni mzee mpole, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Akaniuliza kama naitaka kweli. Nikatikisa kichwa kulia kushoto, kama sisi Wabulgaria tunavyokubali. Kwao hiyo ni kukataa, akairudisha kabatini. Nikamwita, akaitoa tena, akaniuliza tena, nikatikisa tena, akairudisha tena. Mara ya tatu nilikishika kichwa changu kwa mikono miwili nikakiinamisha mwenyewe juu na chini. Tukaelewana.

Nimetanguliza arubuni ya marki mia moja na hamsini. Zilizobaki ni elfu moja kamili, nizilete tarehe 18 Julai basi letu likipita hapa kurudi nyumbani. Nisipotokea siku hiyo, mashine anamuuzia mwingine na arubuni imekwenda. Usiogope. Siku sitini na sita, marki ishirini kila siku, mimi ni mtu wa Gabrovo, kwa watu wanaokata mkia wa paka ili mlango ufungwe haraka joto lisitoke. Marki nne kwa siku zinanitosha, na hizo nakula kwa kifahari.

Ila mzee anataka sikio la Danche. Yaani umbo la ndani, apate kuchonga kile kinachoingia sikioni. Chukua nta ya mshumaa, ipashe moto iwe kama unga uliokandwa, umbonyezee taratibu. Nitumie Lyon, tunakaa huko Juni yote, kisha Rotterdam; anwani zote mbili ziko nyuma.

Kaka yako anayetazamwa na wenye dhahabu,
Rangel


Gabrovo, 30 Mei 1979

Bate Rangel,

Barua yako, kaka, imefika juzi. Tumeisoma mara tatu, mara ya pili Mihal alicheka mpaka akatoka nje. Sisi hatujambo. Mvua imepiga matunda yote ya cheri. Kiwandani wamenihamishia zamu ya asubuhi. Jogoo, kama ulivyoambiwa, tulimla Pasaka, alikuwa mgumu kama wewe. Kuku wawili waliobaki hawatagi, nadhani wanaomboleza.

Sikio hili hapa, ndani ya kiberiti. Nilimsubiri alale. Nta niliiomba kwa bibi anayefagia kanisani, hakuniuliza ya nini. Danche alifumbua macho nikiwa nimembonyeza, akanitazama tu, akafumba tena. Nimelifunga kwa pamba. Lisikae karibu na moto, bate, nakujua.

Kamati ya shule imeleta karatasi. Tarehe 10 Septemba wanampima. Akisikia hata kidogo kwa mashine, anaingia darasa la kwanza hapahapa na watoto wa mtaani kwetu. Asiposikia anapelekwa shule ya viziwi Plovdiv, analala hukohuko, anarudi likizo. Ana miaka sita. Hajawahi kulala bila kunishika nywele. Walipompima mwaka jana daktari aliangusha sarafu ya lev moja nyuma yake na hakugeuka, unakumbuka, ulikuwepo. Safari hii nataka ageuke.

Unakula nini hasa? Usiniandikie utani. Sanduku lile la makopo nililipanga mimi kwa mikono yangu, najua lina siku ngapi.

Tsonka


Lyon, 22 Juni 1979

Tsonka dada,

Nakusalimu kutoka kwenye mji ambao watu wake wanazungumzia chakula hata wakiwa wanakula. Poleni kwa cheri. Poleni kwa kuku, waambie jogoo alikufa kishujaa.

Sikio limefika zima. Nililitazama muda mrefu. Sikujua kama sikio la mtoto lina vijia vingi hivyo ndani, kama nyumba. Nimelipeleka posta kwa rejista, na mzee wa Cologne amejibu kwa kadi, Vasil akanisomea: ameshachonga, limekaa vizuri, mashine iko kwenye droo na jina letu juu yake. Kwa hiyo sasa ni ya Danche, bado kulipia tu.

Umeniuliza nakula nini. Keti kwanza. Jumapili nilikula kuku wa kupikwa kwa mvinyo, juu yake jibini ambayo ukiiweka mezani inataka kukuaga. Jumatatu samaki mrefu kama meza yenu. Jumanne nilipumzika ili tumbo lishangae vizuri. Mkanda nimeutoboa tundu jipya, ndiyo mtindo wa huku.

Pesa zinakwenda sawasawa, ila mipaka inanitafuna. Kila nchi ina pesa yake, na benki ya ng'ambo ya mpaka inachukua noti tu. Sarafu wanazisukuma zirudi kwako kwa kidole kimoja. Za Vienna zimenibaki, za Munich zimenibaki, zote naziweka kwenye soksi. Ukibadilisha noti nazo wanazikata kidogo, na wanakukatia wakitabasamu. Lakini nimeshafikisha mia tano tisini kwa hesabu ya marki. Nikiendelea hivi, tarehe 18 nitaingia dukani na elfu moja na ya kununulia mzee sigara.

Ukiona mwandiko unayumba, ni godoro. Nakuandikia nikiwa kitandani, godoro la huku ni zuri mno, nimelikalia siku tatu. Dragnev amempa ngoma yangu yule kijana wa matari kwa muda, kumpa moyo. Mimi nimekubali kwa sababu ni mtu mkubwa.

Mbusu Danche pale ulipobonyeza.

Rangel


Gabrovo, 1 Julai 1979

Bate,

Natumaini barua hii inakukuta Rotterdam kabla hujaondoka. Sisi wazima. Mihal amepaka chokaa ukuta wa nyuma. Stanka mke wa Vasil alikuja Jumatano. Vasil alimpigia simu kiwandani, dakika tatu. Alikaa, akanywa kahawa, akanieleza habari ya jukwaa la Lyon, akaondoka. Sitairudia hapa. Wewe unaijua kuliko Stanka.

Nakuandikia kwa habari njema. Mashine tumepata. Kuna daktari Sofia, rafiki wa bosi wa Mihal, alikuwa nayo moja kutoka nje, ametupa kwa bei ndogo. Danche ameshaivaa. Jana jogoo aliwika asubuhi na akageuka, akauliza kwa mkono ni nini. Kwa hiyo hakuna haja tena ya ile ya Cologne. Iache. Arubuni usiihangaikie. Hizo pesa zako uzile zote, bate, nakuomba kama sijawahi kukuomba. Nyama, mkate mweupe, mayai. Kula ukiwa umeketi chini, siyo umesimama karibu na beseni.

Usiniandikie kubishana. Imeshapatikana.

Dada yako,
Tsonka


Rotterdam, 14 Julai 1979

Tsonka, Mihal, na Danche anayesikia,

Salamu kubwa kuliko karatasi. Barua imefika jana asubuhi, Dragnev akanikabidhi pamoja na bahasha ya posho. Nilipomaliza kuisoma nilimshika Dragnev nikambusu kipara. Ameniandikia onyo, nimemwambia aniandikie mawili.

Huyo jogoo namshukuru sana.

Nilikuwa na mia tisa na kumi. Nakwambia ili ujue ndugu yako hakuwa wa kubahatisha, kwa posho za siku zilizobaki ningefika elfu kwenye mstari. Basi jioni ile niliwachukua wote, watu kumi na wawili, pamoja na Dragnev na onyo lake, tukaenda kwa Myugoslavia mmoja karibu na bandari anayechoma kondoo mzima. Nilisema kila mtu ale mpaka aone aibu, halafu aendelee. Waimbaji walilia, wiki tisa hawajala kitu kisichotoka kwenye pakiti. Vasil hakula mwanzoni, alikuwa ananitazama mimi nikila. Nikamwambia, "Vasil, mimi siyo redio, angalia sahani yako."

Zilizobaki nimezimaliza leo. Viatu vya Vasil vilikuwa vimefunguka mdomo, nimemnunulia vingine. Wewe nimekununulia pasi ya mvuke, Mihal kisu chenye koleo ndani, Danche kengele ya baiskeli, aipige mwenyewe ajisikie. Mfuko mweupe kabisa. Nina soksi ya sarafu tu, inafika kilo nne, ukinipiga nayo nakufa.

Tarehe 17 tunaondoka. Tarehe 18 basi linasimama Cologne kwa muda wa saa mbili. Nitapita nje ya duka nimpungie mzee, basi.

Niandikie kitu kimoja, ukiwa na nafasi. Neno la kwanza alilosema ni lipi? Maana nilikuwa na dau na Vasil.

Rangel


Plovdiv, 14 Septemba 1979

Bate Rangel,

Salamu zako na za Mihal, mwambie makaratasi ya nyumba yako nyuma ya saa. Tumefika salama. Nimepata chumba kwa mjane mmoja mtaa wa pili kutoka shuleni, na kazi ya kufua shuka hapohapo shuleni, kwa hiyo shuka za Danche nazifua mimi. Namwona saa kumi jioni kwenye uzio, na Jumapili mchana wote. Mwalimu wake ana uso mzuri. Usiku mbili za kwanza alilia, ya tatu walimpa mdoli mwenye nywele.

Kamati haikuchukua muda. Waliangusha kitu nyuma yake, wakaandika, wakapiga muhuri.

Tangu uliporudi tulikaa nyumba moja zaidi ya mwezi na hatukuzungumza. Siku ile ya Julai ulisimama mlangoni na masanduku yako, Danche alikuwa amekupa mgongo anachambua maharage. Ulimwita mara mbili. Mara ya tatu hukumwita. Mimi nilikuwa hapo kwenye sinki nikiosha sahani iliyokuwa safi. Ulisema, "Tsonka, nimekuletea pasi." Nikasema asante.

Pasi inafanya kazi vizuri. Ndiyo ninayotumia hapa.

Chakula kipo kwenye mtungi wa pilipili hoho, na Mihal ana maharage. Unakula?

Tsonka


Gabrovo, 21 Oktoba 1979

Dada yangu Tsonka,

Nakusalimu, namsalimu mjane wako mwenye nyumba, na mdoli mwenye nywele ambaye nitamfuata nimvute sikio kwa kushika nafasi yako. Mihal mzima. Anapika. Tunamwogopa. Kuku mmoja ameanza kutaga, mwingine anamwonea wivu.

Kumi na tisa ya mwezi huu postamani aligonga, akanipa barua iliyotumwa kwangu. Mwandiko wako, stempu yetu, mihuri ya Uholanzi juu yake kama kiraka juu ya kiraka, na karatasi nyekundu inayosema mwandikiwa ameondoka. Umeituma Rotterdam tarehe 10 Julai. Imefika siku mbili au tatu baada ya basi letu, ikakaa, ikazunguka, ikarudi kwa mtumaji, na mtumaji hayupo, yupo mwandikiwa. Nimeipokea mwenyewe mlangoni nikiwa na soksi moja.

Najua unakumbuka uliloandika, lakini nalinakili, lisibaki kwangu peke yangu:

"Bate, nimedanganya. Hakuna daktari Sofia, hakuna mashine. Stanka alisema ulianguka na ngoma mpaka viti vya mbele, ukabebwa, na kwamba mbavu zako zinahesabika, nikaogopa. Leo nimepata barua yako ya Lyon. Kama limeshachongwa na iko kwenye droo, basi nenda ukaichukue. Nisamehe. Nenda Cologne tarehe 18, ila kula njiani."

Tsonka, tangu ulipopanda basi ile Septemba na kunipa kisogo, najua umelibeba hili ukidhani mzigo ni wako. Kila barua unaniuliza kama nakula. Sasa na mimi niseme langu, halafu tutakuwa sawa, au hatutakuwa.

Nilijua.

Nilijua nikiwa nimesimama kwenye korido ya hoteli ya Rotterdam, hata ukurasa sijamaliza. Jogoo gani, Tsonka? Jogoo uliniambia mmemla Pasaka, barua ilikuwa kwenye koti langu. Niliitoa nikaisoma tena palepale. Mgumu kama wewe, ndivyo ulivyoandika. Nikajiambia labda ni jogoo wa jirani. Jirani yetu ni Bibi Kera, anafuga njiwa. Nikajiambia basi amenunua mwingine. Nilijiambia mengi, mimi si unanijua, hata mwenyewe naweza kujichekesha. Lakini nilikuwa sijala kitu cha moto siku nne. Hita ilishaungua, makopo yaliisha Lyon, na mkate wa marki moja niliugawa mara mbili kwa siku. Barua yako ilisema kula. Tumbo liliisoma kabla ya macho, likashika neno hilo moja, yaliyobaki likayatupa.

Ndiyo maana niliwachukua wote kumi na wawili. Mtu anayeamini habari njema angekula peke yake, taratibu. Mimi nilitaka pesa ziishe haraka, kabla sijaanza kufikiri. Hata viatu vya Vasil vilikuwa na mwezi mwingine ndani yake.

Tarehe 18 nilikwenda mpaka dukani. Saa mbili zile nilizimaliza nimesimama ng'ambo ya barabara. Mzee alikuwa ndani na miwani yake miwili. Aliniona, akanitambua, akafungua droo, akaiweka mashine juu ya meza. Waya umekunjwa vizuri, na mwishoni sikio la Danche, la rangi ya waridi, dogo. Alinyanyua nyusi kuniuliza. Nikatikisa kichwa. Tsonka, sijui nilitikisa kwa namna ya kwetu au ya kwao. Aliirudisha kwenye droo. Mara hii sikumwita.

Nimemwandikia mara tatu tangu Agosti. Ya kwanza alijibu, kisanduku kimeuzwa kama tulivyoandikiana, lakini sikio hakuna anayeweza kulivaa, kwa hiyo amelihifadhi, na kwamba watoto masikio yao hukua. Mbili hajajibu. Nimekwenda kwa Dragnev. Kundi linatoka tena mwaka kesho Mei, ila kijana wa matari ndiye mpiga ngoma sasa. Anapiga vizuri, mwizi yule. Nimemwambia nitabeba masanduku, nitapika supu za kundi zima, nitalala sakafuni. Amesema atafikiri. Dragnev akifikiri, tunajua maana yake.

Nimepeleka soksi benki ya Gabrovo, nikaimwaga dirishani. Binti wa dirishani alizisukuma zirudi kwangu kwa kidole kimoja. Hata hapa wamejifunza.

Kwa hiyo nakutumia vitu viwili kwa mkono wa dereva wa lori la Plovdiv, ni mtu wa heshima, anadaiwa na Mihal. Soksi ni ya Danche. Jumapili ile niliyokuja kuwaona nilisimama nyuma yake pale uani kwa mjane, kwenye sakafu ya ubao, ulikuwa umekwenda kuteka maji. Niliangusha ile sarafu ya marki tano, kubwa kuliko zote. Hakugeuka. Niliangusha faranga za Lyon, gilda za Rotterdam, moja moja. Hakugeuka. Halafu nikaiachia soksi nzima kutoka begani, kilo nne. Aligeuka, Tsonka. Sijui ni sikio au ni ubao uliotetemeka chini ya miguu. Alinicheka, akazikusanya zote, akanirudishia niangushe tena. Tuliangusha mpaka uliporudi na ndoo. Sikukuambia, maana sikujua nikuambie nini.

Cha pili ni kiberiti. Ndani kuna nta, nimeipata kwa bibi yuleyule wa kanisani, na mimi hakuniuliza. Akilala Jumapili, ipashe moto, umbonyezee kama mara ile. Sina marki hata moja, sina safari, na mzee hajibu. Lakini lile la Cologne ni la mtoto wa miaka sita, na yeye anakaribia saba. Mpime tu. Nitumie nione limekua kiasi gani.

Nakula.

Kaka yako,
Rangel